Kifaranga Kagoma Kutoka? Weka Kibano Chini Kwanza

“Dada, nina yai limetoboka tangu saa moja asubuhi, sasa hivi ni saa tatu usiku. Kifaranga analia humo ndani lakini hatoki, na wenzake wanne wameshakauka manyoya. Mama anasema nimvunjie ganda, baba anasema nimwache. Nimsikilize nani?”

Mdogo wangu wa Kihonda, kwa usiku ule, msikilize baba. Toka saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku ni saa 14, na kifaranga wa kuku anaweza kukaa hata saa 24 kati ya kutoboa tundu la kwanza na kutoka. Asubuhi yake huenda mama naye akawa na haki. Na ninyi wengine, wa Morogoro mjini wenye mashine za mbao zenye balbu na wa milimani Mgeta au Kinole wenye mitetea wanaoatamia kwenye kikapu jikoni, sogeeni, maana swali hili naulizwa kila msimu na halijibiwi kwa ndiyo wala hapana.

Siku za kuku ni 21, hilo mnalijua. Wengi hawajui kazi inayofanyika siku tatu za mwisho. Ikifika siku ya 18 au 19 kifaranga amejaa yai lote, isipokuwa ile nafasi ya hewa upande mpana. Kichwa anakiweka chini ya bawa la kulia, mdomo ukielekea juu, kisha anatoboa utando wa ndani na kuingiza mdomo kwenye chumba cha hewa. Hapo ndipo anapovuta pumzi ya kwanza ya mapafu. Siku zote kabla ya hapo alipumua kwa mishipa ya damu iliyotanda chini ya ganda, hewa ikiingia na kutoka kwenye vitundu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuvihesabu. Ukiweka yai sikioni wakati huo unaweza kumsikia analia au anagonga, na ganda bado zima.

Hewa ya chumba kile haidumu. Ikianza kuchafuka, msuli wa nyuma ya shingo unamrusha kichwa, na kijino kidogo cheupe kilicho juu ya ncha ya mdomo kinapiga ganda mpaka linapasuka. Ndilo tundu uliloliona saa moja asubuhi.

Baada ya tundu hilo anatulia, na utulivu huo ndio unaowaua vifaranga wengi, kwa sababu mwenye nyumba anadhani ameshindwa. Ana kazi mbili kubwa humo ndani. Damu iliyoko kwenye utando inarudi mwilini mwake kidogo kidogo, na kiini kilichobaki kinavutwa kuingia tumboni kupitia kitovu. Ukichungulia tunduni utaona mdomo unafunguka na kufumba, unafunguka na kufumba, kama mtu anayetafuna hewa. Huyo hajamaliza. Ukimtoa hapo unakata mishipa iliyojaa damu, au unamtoa na kiini kikining'inia nje, na kiumbe mdogo vile hana damu ya kupoteza. Utamzika kabla ya kumpa jina.

Akimaliza, kazi inayofuata huiona waliobahatika kuamka mapema: anajizungusha ndani ya yai kinyume na mshale wa saa, anapasua ganda kwa kufuata duara la upande mpana, halafu anasukuma kwa miguu na kofia ya ganda inaondoka. Kwa kifaranga mwenye afya, hii ni kazi ya saa chache, pengine hata saa moja.

Kwa hiyo shika penseli. Ukiona tundu, andika saa kwenye ganda lenyewe. Mara nyingi mtu ananiambia “amekwama siku nzima”, ukimbana kwa maswali unakuta aliliona tundu baada ya chakula cha mchana. Huruma haina saa, penseli inayo.

Wanaoatamisha kwa mtetea niwaambie kitu kitakachowapunguzia wasiwasi. Vifaranga wanazungumza wakiwa bado ndani ya mayai, na mama anawajibu kwa ile sauti yake ya chini chini. Kwa mayai ya kware, watafiti walishaonyesha kwamba yai lililochelewa, likigusana na mayai ya wenzake na kusikia wanavyogonga, huharakisha likawafuata. Kwa hiyo ukichukua yai lililotoboka ukalipeleka chumbani kulichungulia, umelitoa kwenye mazungumzo yake. Liache chini ya mama. Kosa la mama ni moja: siku moja au mbili baada ya wa kwanza kutoka, atanyanyuka kwenda kuwafundisha kuchakura na mayai ya mwisho yatapoa. Hayo ndiyo ya kukusanya, uyapeleke kwenye mashine ya jirani au kwa mtetea mwingine anayelalia.

Sasa basi, lini unaingilia? Mimi naingilia tundu likishapita saa 24 bila mabadiliko yoyote, au kifaranga akianza kuzunguka, akafika katikati akasimama saa sita na zaidi. Naangalia na utando pale tunduni. Ukiwa mweupe laini na una unyevu, mambo ni mazuri, mwache. Ukigeuka njano au kahawia na kukauka, umemkaza kama mfuko wa nailoni na hawezi tena kugeuza kichwa. Huyo hata akiwa na nguvu za jogoo hatoki, ni wa kusaidiwa. Lipo pia tundu lililotokea upande mwembamba wa yai: maana yake kichwa kilikaa vibaya, hana chumba cha hewa cha kupumulia, na huyo namtazama kwa karibu zaidi tangu mapema, ingawa wengine wa namna hiyo wanatoka wenyewe vizuri tu.

Kabla ya kushika kibano, ongeza unyevu kwanza. Bakuli la maji ya moto ndani ya mashine, na kipande cha sponji kilicholowa ili maji yawe na eneo kubwa la kutoa mvuke. Siku tatu za mwisho kipima unyevu kisome asilimia 65 hadi 70, joto libaki nyuzi 37.5 au chini yake kidogo kwa mashine yenye feni. Mpe saa mbili tatu. Wengi wanatoka kwa hilo peke yake, na wewe unabaki na kibano chako safi.

Asipotoka, haya. Chemsha kibano. Tafuta vijiti vya pamba vile vya masikio, maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, mafuta ya nazi kidogo, tochi ya simu, na taulo dogo uliloloweka maji ya moto ukalikamua. Nawa mikono kwa sabuni, kwa sababu yako na kwa sababu yake. Funga dirisha, zima feni ya chumba. Wa Mgeta mwezi wa saba, chumba chenu hakifai kwa kazi hii mpaka kipate joto. Ukiwasha jiko la mkaa, liwe limeshatolewa nje na mlango umefunguliwa kidogo kabla hujaanza, maana hewa ya mkaa inaua watu, sembuse kifaranga.

Mulika yai, uone chumba cha hewa kinaishia wapi, uchore mstari kwa penseli. Juu ya mstari huo, ganda na ule utando unaoshikamana nalo havina mishipa ya damu, hapo unaweza kufungua bila woga. Chini ya mstari usiguse. Funga yai kwenye taulo, tundu likitazama juu, ubanue ganda kipande kimoja kimoja, kila kimoja kisizidi punje ya mchele. Ukishaondoa kofia utaona utando wa pili, ule wa ndani, umefunika mwili. Umekauka, hauonyeshi kitu. Chovya kijiti cha pamba kwenye maji, kikamue, upake taratibu mbali na matundu ya pua. Ukilowa unaanza kupitisha mwanga, na chini yake unaona manyoya, bawa, na mistari.

Mistari hiyo ndiyo inayoamua, wala si hesabu ya saa wala maneno yangu. Ikiwa myekundu, damu bado iko nje. Simama hapo hapo. Hakikisha mdomo umepata nafasi ya kupumua, paka utando tone la mafuta ya nazi ili usikauke tena, mrudishe kwenye mashine na urudi baada ya saa tatu au nne. Ikiwa imefifia au haionekani kabisa, pasua utando kwa ncha ya kijiti, ukianzia mdomoni kwenda nyuma ya kichwa. Ikitokea tone la damu, bana kwa pamba kavu, weka unga laini wa sembe kidogo, na kazi ya siku hiyo imeisha. Mwache apumzike.

Ukishatoa kichwa kwenye bawa, simama. Nasema tena, simama. Nusu ya chini ya ganda mwachie aitoke kwa miguu yake. Kule chini ndiko kitovu kiliko, na ukimnyofoa unaweza kukuta kiini hakijaingia chote. Mlaze kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya mashine, na ganda lake miguuni. Akitoka na uzi mwembamba kitovuni usiukate wala kuuvuta, utakauka na kudondoka. Kitovu kikiwa wazi, paka iodini.

Niseme na wale wanaotumbukiza mayai kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kuangalia kama yanachezacheza. Kwa yai zima wapo wanaofanya, ingawa mimi naona tochi inatosha. Yai lenye ufa au tundu ukiliweka majini umemzamisha kifaranga kwa mkono wako.

Haya yote ni ya dakika za mwisho. Kifaranga anayekwama mara nyingi alikwamishwa wiki mbili au tatu kabla, na kwa sisi wa Morogoro nina watuhumiwa wangu.

Wa kwanza ni bodaboda. Watu wa mjini mnapenda mayai ya kienyeji kutoka milimani, na mna haki. Lakini yai limeshuka kona zote zile na makorongo yake, trei imefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, limefika chumba chake cha hewa kimeachia na kinaelea. Ukiliweka kwenye mashine jioni hiyohiyo, kifaranga atakuja kukosa mwelekeo wa kichwa. Yapumzishe mayai usiku na mchana, ncha nyembamba ikiwa chini, ndipo uyaweke. Na yasiwe yamekaa zaidi ya wiki moja tangu yatagwe, wala yasioshwe.

Wa pili ni hali ya hewa, na hapa ushauri wa rafiki yako wa Dar es Salaam hautakufaa bila kupimwa. Milima yetu ina nyuso mbili. Upande wa mashariki, Kinole na Matombo, unanyeshewa sana. Masika huko hewa yenyewe ni maji. Mtu anajaza tena trei ya maji chini ya mashine tangu siku ya kwanza, yai halipotezi maji linayopaswa kupoteza, chumba cha hewa kinabaki kidogo, kifaranga anavimba na kutoka amelowa ute, akitoka. Kule, masika, punguza maji siku 18 za mwanzo. Mgeta ni jambo jingine: vijiji vya juu kama Nyandira na Tchenzema viko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, wakati mji wetu uko kwenye mita 500 hivi. Huko juu hewa ni nyepesi, maji yanatoka ndani ya yai upesi zaidi na oksijeni ni pungufu, halafu usiku wa Juni na Julai baridi inashusha joto la mashine na vifaranga wanachelewa hadi siku ya 22 au 23. Wa Mgeta ongezeni maji mapema, lakini matundu ya hewa ya mashine msiyazibe kwa matambara kwa kuogopa baridi. Vifunikeni vyumba, si mashine. Na mkiweza, tumieni mayai ya kuku waliozoea hukohuko juu.

Unataka kujua uko upande gani bila kubahatisha? Pima uzito. Yai linapaswa kupoteza asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Trei ya mayai 30 ya kienyeji yenye gramu 1,350 ipungue gramu 150 hadi 175. Imepungua kidogo kuliko hapo, una maji mengi. Imepungua sana, una ukame. Mizani ya jikoni inatosha, na inakwambia ukweli kabla ya msiba.

Wa tatu ni wewe mwenyewe unayefungua mlango wa mashine. Siku ya 18 acha kugeuza mayai na ufunge. Kila unapofungua kuonyesha wageni vifaranga, mvuke unatoka, na utando wa yule aliyetoboa unaanza kukauka. “Lakini dada, waliotoka watakufa njaa.” Hawafi. Kiini kilichoingia tumboni mwao kinawatosha siku mbili hata tatu, ndiyo maana vifaranga wa siku moja wanasafirishwa kwenye maboksi safari ndefu wakafika wanapiga kelele. Umeme ukikatika vilevile: usifungue kuchungulia, na mwisho wa siku zile vifaranga wenyewe wanatoa joto, saa chache wanazihimili.

Kipima joto kimoja kisikutoshe. Wamisri wa kale walitotolesha mayai kwa maelfu kwenye matanuri ya matofali ya udongo, na mafundi wao walipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope la jicho. Walikuwa wamerithi kazi hiyo kizazi hadi kizazi. Wewe nunua vipima joto viwili, vikitofautiana ujue kimoja kinakudanganya.

Mayai yasiyotoka kabisa usiyatupe hivi hivi. Vunja moja moja nje, mbali na banda, uone walifia hatua gani. Wengi wakifia mwanzoni, tazama jogoo, uhifadhi wa mayai na joto la siku za kwanza. Wakifia mwishoni wakiwa wakubwa, rudi kwenye unyevu, hewa na lishe ya kuku wazazi. Mchicha na majani mabichi si anasa kwa kuku anayetaga mayai ya kuatamishwa. Tuna bahati hapa mjini: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina wataalamu wa kuku na hospitali ya wanyama. Ukiangua vibaya mara mbili mfululizo, nenda ukaulize.

Na aliyesaidiwa, anaishi? Wengine wanaishi na humtambui tena kati ya wenzake baada ya wiki. Wengine wana miguu iliyotawanyika. Mweke juu ya kitambaa kinachoshika, kamwe si gazeti linaloteleza, na umfunge miguu kwa kipande cha plasta ikiwa imeachana kidogo, kwa siku mbili tatu. Wengine watakufa usiku huohuo ukiwa umefanya kila kitu sawasawa, kwa sababu kilichowazuia kutoka kilikuwa ugonjwa au kilema cha ndani. Mashirika makubwa ya vifaranga hayasaidii hata mmoja, na kwa maelfu yao siwalaumu. Mwenye mayai kumi na mawili ana hesabu nyingine. Ila msimamo wangu ni huu: kama wenzake wote wa mashine ileile walitoka wenyewe na yeye peke yake akatolewa, akikua mle au umuuze, usimweke kuwa jogoo wa mbegu wala mtetea wa kizazi. Kama mashine ndiyo iliyowakausha wote, hana kosa, mfuge.

Watoto wa nyumbani wasimbusu, wanawe mikono. Na mwulizeni ofisa mifugo wa kata siku za chanjo ya mdondo mapema, kwa sababu mdondo ukipita mtaani unachukua banda zima.

Anayetaka kuniandikia wiki ijayo kuhusu yai lililokwama, anitajie mambo matatu kwenye mstari wa kwanza: saa tundu lilipoonekana, rangi ya utando, na kipima unyevu kinasoma ngapi. Picha ya kifaranga akilia sihitaji, itanifanya nikupe jibu la huruma.